Somo la 17: Shule Ndogo Kando ya Nyanza

1. Nchi na swali lake

Katika Afrika nzima hakuna ziwa kubwa kama Nyanza. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke alilitazama kutoka karibu na mahali palipo mji wa Mwanza, akaliita Victoria kwa heshima ya malkia wake. Lakini wenyeji walikuwa wakiliona, wakilivua na kulivuka kwa mitumbwi tangu zamani sana. Eneo lake ni kilometa za mraba zaidi ya 68,000, nalo limegawanyika kwa nchi tatu, Tanzania, Uganda na Kenya.

Upande wa kusini uko mji wa Mwanza, katikati ya mawe makubwa yaliyopandana, hata mgeni hudhani ya kuwa yalipangwa kwa mikono ya majitu. Ukienda kaskazini kwa chombo utafika Ukerewe, kisiwa kikubwa, na mbele yake Ukara, kisiwa kidogo chenye watu wengi. Mashariki iko Nasa, kando ya ghuba iitwayo Speke, na mbele zaidi iko Musoma. Wakaao nchi hizi ni Wasukuma, Wakerewe, Wakara, Wajita, Wazinza na wengine. Wengine hulima, wengine hufuga, wengine huvua. Na wengi hufanya kazi hizo tatu pamoja.

Karibu kila kijiji katika nchi hizi kina shule. Jengo lake si kubwa, walimu wake si wengi, na jina lake halijulikani mbali. Basi mzee mmoja akikaa chini ya mti na kuwatazama watoto wakipita asubuhi, huenda akajiuliza hivi: “Mjukuu wangu atasoma miaka mingi katika shule ile. Asipopata nafasi ya kwenda mbele, akarudi hapa hapa kwetu, je, miaka ile imepotea?” Swali hilo si la upumbavu. Katika somo hili tutalitafutia jibu.

2. Shule zilivyoanza

Usidhani ya kuwa kabla ya shule watoto wa nchi hizi walikaa bila mafundisho. Katika Usukuma wanaume na vijana walikusanyika jioni kuota moto, mahali paitwapo shikome. Hapo wazee walisimulia habari za watemi, za vita na za njaa, wakatega vitendawili, na kumkanya kijana aliyekosa adabu. Msichana alijifunza kwa mama na bibi yake. Tena vijana walikuwa na chama chao, basumba, wakalima mashamba ya watu kwa zamu, ngoma ikipigwa na majembe yakipanda na kushuka kwa mwendo mmoja. Aliyekuwa mvivu alionekana mara, maana jembe lake lilichelewa.

Mwaka 1883 Mapadre Weupe walianza kukaa Bukumbi, kusini ya Mwanza. Waingereza wa misioni ya CMS wakajenga Nasa, na mwaka 1909 wakaiacha mikononi mwa misioni ya Africa Inland. Mahali pote walipojenga misioni walifungua mahali pa kusomea. Kisha wanafunzi wao wa kwanza walitumwa vijijini kufundisha wengine, na hivyo ndivyo zilivyozaliwa shule ndogo.

Shule hizo za kwanza zilikuwa nyumba za miti na udongo, zenye paa la nyasi. Mwalimu alikuwa mmoja, na ubao mmoja. Watoto waliandika kwa kidole katika mchanga, na wenye bahati waliandika juu ya vibao. Mvua ikinyesha kwa nguvu paa lilivuja, na masomo yakakoma. Nyakati zile wengi waliishia darasa la nne. Walakini kwa mambo hayo machache mlango ulikuwa umefunguliwa.

3. Siku moja shuleni

Tumfuate mtoto mmoja wa kijiji cha ufuoni, tuone siku yake.

Huamka jogoo akiwika. Hunawa uso, husaidia kuteka maji au kufungulia mbuzi, kisha hula kiporo, au hutia mfukoni michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Huvaa shati jeupe na kaptula ya buluu. Dada yake huvaa shati jeupe na sketi ya buluu. Mkononi huchukua ufagio au dumu la maji, kwa kadiri ya zamu yake. Njiani hukutana na wavuvi wanaorudi na taa zao, waliokuwa wakivua dagaa usiku kucha. Huwaamkia kwa adabu, kila mmoja, wala hapiti kimya kama aliyeona mawe.

Kengele ya shule ni kipande cha reli au rimu ya gari, imefungwa mtini. Ikilia, watoto hufagia uwanja, humwagilia miche, kisha husimama katika mistari. Mwalimu hutazama kucha, meno, nywele na nguo. “Shikamoo, mwalimu!” “Marahaba, wanangu.” Halafu huingia darasani.

Nyumbani mtoto huyu husema Kisukuma au Kijita au Kikerewe. Shuleni husema Kiswahili, na kwa lugha hiyo huweza kuzungumza na mtoto wa Tanga, wa Songea na wa Unguja ambaye hajamwona. Husoma, huandika, hufanya hesabu, hujifunza habari za nchi na za viumbe. Baada ya masomo wako wanaokwenda bustanini na wako wanaocheza mpira. Na mpira wenyewe mara nyingi ni wa matambara yaliyofungwa kamba.

Mgeni aweza kuuliza, “Kwa nini mtoto aliyekuja kusoma afagie uwanja? Je, kufagia ni elimu?” Jibu ni hili. Uwanja wa shule si wa mtu mmoja. Nyumbani kwake mtu hufagia kwa sababu ni kwake. Shuleni hufagia mahali palipo pa watu wote. Mtoto aliyezoea kutunza kitu cha wote, siku moja atapewa kisima cha kijiji, au daftari ya chama, au fedha za watu, naye atavitunza. Asiyezoea atasema, “Si changu,” na kisima kitajaa takataka. Vivyo hivyo mstari unafundisha kungoja zamu, na kengele inafundisha kwamba wakati wa mwenzako una thamani kama wako.

4. Mizani ya pamba

Sasa tutazame jambo moja lililotokea kweli katika nchi hizi, tupate kujua kusoma na kuhesabu vyafaa nini.

Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili wakulima wa Usukuma na Ukerewe walilima pamba nyingi. Mkulima alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi. Mnunuzi aliuweka juu ya mizani, akatazama alama, akataja uzito, akalipa. Mkulima asiyejua kusoma alisimama tu, akapokea fedha, akaenda zake. Wengi walinung'unika ya kuwa mizani ilikuwa ikiwapunja. Lakini manung'uniko si ushahidi. Mtu asiyeweza kusoma mizani hawezi kunyosha kidole na kusema, “Hapa pamepungua.”

Fanya hesabu hii. Mkulima ana mizigo 20 ya pamba, na kila mzigo una ratili 60. Akipunjwa ratili 3 tu katika kila mzigo, amepoteza ratili 60, yaani mzigo mmoja mzima. Ni kana kwamba amelima, amepalilia, amechuma na kubeba mzigo ule, kisha akampa mtu bure. Na wakulima elfu wakifanyiwa hivyo, mizigo elfu imepotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe mbele ya macho yao kabla ya kuuzwa. Kisha wakaungana katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikafanya muungano mmoja mkubwa wa Victoria, uliokuwa na makao yake Mwanza. Mkuu wa kazi zake alikuwa Paul Bomani, kijana wa nchi hizi hizi za ziwa, ambaye baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Fedha.

Basi kila chama cha kijiji kilihitaji mtu wa kusoma mizani, mtu wa kuandika majina na mtu wa kuhesabu fedha. Watu hao walitoka wapi? Hawakuletwa kutoka Ulaya. Walikuwa vijana waliosoma karibu na kwao, wengine hawakupita madarasa machache ya kwanza. Elimu yao ilikuwa ndogo, lakini iliwasimamisha wazee wao mbele ya mizani bila woga.

Walakini habari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki inatupasa kuijua pia. Mwaka 1966 serikali iliweka tume ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, maana wakulima katika mahali pengi walikuwa wakilalamika tena, na safari hii walilalamika juu ya baadhi ya watumishi wao wenyewe. Wako waliojua kuandika, wakaandika uongo. Wako waliojua kuhesabu, wakajihesabia wao kwanza. Hapa tunaona jambo kubwa. Hesabu bila uaminifu humbadilisha mwizi tu, haiondoi wizi. Kwa hiyo mwalimu akikuadhibu kwa kunakili jibu la mwenzako, usiseme, “Ni jambo dogo.” Kunakili jibu na kupunguza ratili ni ndugu wa tumbo moja.

5. Mbolea ya Ukara

Kisiwa cha Ukara ni kidogo, na watu wake ni wengi. Ardhi haitoshi kuacha shamba likapumzika miaka mingi. Watu wa mahali pengine wangalihama au wangalikufa kwa njaa. Wakara walipata njia nyingine. Waliwafunga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo lililochimbwa sakafuni, wakawaletea majani kila siku. Mavi ya ng'ombe yakachanganyika na majani, yakawa mbolea, nayo ikatolewa na kubebwa hata shambani. Tena walipanda marejea katikati ya mawele, na mmea ule ulipokua waliuzika udongoni ili kuurutubisha. Katika miaka ya 1930 mabwana shamba wa serikali walikwenda kisiwani kujifunza kazi hii na kuiandika, maana waliona ya kuwa wakulima wa Ukara walikuwa na maarifa ambayo wengi walioitwa wataalamu hawakuwa nayo.

Sasa tufikiri juu ya kijana mmoja wa kisiwa kile, mwanafunzi wa darasa la juu. Siku ya Jumamosi babu yake amwita.

“Mjukuu wangu, njoo tutoe mbolea, mvua i karibu.”

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Chukua kikapu.”

“Lakini babu, mimi ni msomi sasa. Kazi hii ni ya watu wasiosoma.”

Mzee anyamaza kidogo, kisha asema, “Vema. Mwalimu wako amekufundisha nini juu ya mbolea?”

“Ametufundisha ya kuwa hurudisha chakula cha mimea katika udongo.”

“Amesema kweli. Je, alikufundisha pia inakwendaje hata shambani, ikiwa kila aijuaye hataki kuibeba?”

Kijana hana la kujibu. Achukua kikapu.

Msomaji, usidhani babu yule aidharau shule. Amekubali neno la mwalimu, wala hakulipinga. Alilolikataa ni kiburi. Ukweli ni kwamba babu ana maarifa bila maandiko, na mjukuu ana maandiko bila mazoea. Wakitengana, kila mmoja ana nusu. Wakibeba kikapu pamoja, mjukuu aweza kumweleza babu sababu ya kazi anayoifanya tangu ujana wake, naye babu aweza kumwonyesha mjukuu mambo ambayo kitabu hakikuyataja, kama vile shamba lipi lataka mbolea nyingi na lipi kidogo. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

6. Maji ya ziwa

Faida nyingine ya shule ni kulinda uzima wa watu. Ziwa hutupa samaki, maji na njia. Lakini pia hutupa ugonjwa wa kichocho, unaowapata watu wengi wa ufuo huu, hasa watoto. Zamani watu waliona damu katika mkojo wasijue asili yake. Mwaka 1851 mganga Mjerumani, Theodor Bilharz, alikuwa Misri, akagundua ya kuwa ugonjwa huu waletwa na minyoo wadogo wakaao katika mishipa ya damu.

Kumbuka mwendo wake. Mtu mgonjwa akienda haja majini au karibu na maji, mayai ya minyoo huingia majini. Mayai huanguliwa, na vijidudu huingia katika konokono wadogo. Ndani ya konokono huongezeka sana, kisha hutoka na kuogelea. Mtu akisimama majini, hupenya ngozi yake bila yeye kujua. Baada ya majuma kadhaa huwa minyoo wakubwa, hutaga mayai, na mwendo huanza upya.

Basi ni wapi tuwezapo kukata mnyororo huu? Dawa ipo, nayo hutolewa mashuleni. Lakini mtoto aliyepona akirudi majini palipo vijidudu, atapata tena. Mahali pazuri pa kukata ni pale mwanzo, yaani choo. Mayai yasipofika majini, konokono hawapati kitu cha kuongeza. Kwa sababu hii choo cha shule, kilichochimbwa na wazazi na kusafishwa na wanafunzi, ni dawa kubwa. Na hapa pana neno la kufikiri: mtu mmoja akitumia choo na wengine 99 wasitumie, hakupona mtu. Afya ya ufuoni haipatikani kwa mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

7. Wanafunzi wawili

Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 hivi aliletwa katika shule ya Mwisenge, Musoma. Kwao ni Butiama, umbali wa kilometa 40 hivi. Lugha aliyoijua ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikuja kujifunza shuleni. Alisoma kwa bidii, na mwaka 1937 alichukuliwa kwenda shule ya serikali ya Tabora. Baadaye alikwenda Makerere, na mwisho Edinburgh, huko Uskoti. Mtoto huyo alikuwa Julius Nyerere. Aliiongoza nchi katika uhuru mwaka 1961, akawa rais wa kwanza, akaacha urais kwa hiari yake mwaka 1985. Katika vyeo vyote alivyopata, jina lililokaa katika vinywa vya watu hata leo ni Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia katika siasa.

Mwanafunzi wa pili hajulikani na wengi, lakini anastahili kujulikana. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Alisoma kwa mapadre Kagunguli, kisha Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya. Mtu mwingine mwenye elimu ile pengine angaliona haya kwa lugha ya kwao. Kitereza alirudi Ukerewe. Aliona ya kuwa wazee wanakufa, na desturi zao, dawa zao, mashauri yao na maneno yao mazuri yanazikwa pamoja nao. Basi akaandika hadithi ndefu kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, waliopendana na kutaabika kwa kukosa mtoto. Ndani yake aliweka maisha yote ya Wakerewe: kulima, kuvua, kutembeleana, kuuguzana na kupatana. Alimaliza mwaka 1945.

Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, na hapakuwa na wa kukichapa kitabu. Kitereza hakukata tamaa. Alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Kazi yake ilingoja miaka 35, lakini leo yasomwa, na imefasiriwa hata kwa Kijerumani na Kiingereza.

Mmoja aliondoka kijijini, akaenda mbali, akawatumikia watu wa nchi nzima. Mwingine alirudi kisiwani, akaandika akiwa kwao, akawahifadhia watu wake hazina yao. Hakuna aliyetumia elimu yake kama ngazi ya kupandia, kisha akaisukuma wengine wasipande. Hilo ndilo linalowafanya kuwa wanafunzi wema wa shule zao.

8. Wale wasioitwa

Turudi sasa kwa mzee wetu chini ya mti. Yeye hakuuliza habari za Nyerere wala za Kitereza. Aliuliza juu ya mjukuu asiyepata nafasi ya kwenda mbele.

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliliona swali hili. Mwezi wa Machi mwaka 1967 alitoa maandiko yaitwayo Elimu ya Kujitegemea. Alieleza ya kuwa mwaka 1961 watoto katika shule za msingi za Tanganyika walikuwa 490,000, na wengi wao hawakupita darasa la nne. Mwaka 1967 walikuwa 825,000. Hata hivyo katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, 13 tu waliweza kupata nafasi katika shule ya sekondari. Basi, kama shule ya msingi ni maandalio ya sekondari tu, imewatumikia 13 na kuwavunja moyo 87. Wale 87 watarudi nyumbani wakijiona wameshindwa, nao wataona haya kushika jembe.

Kwa hiyo alisema ya kuwa elimu ya shule ya msingi haina budi iwe kamili yenyewe, imwezeshe mtoto kuishi vema kijijini na kukijenga kijiji. Shule iwe na shamba; wanafunzi wapange kazi yao na kuona matunda yake; wasitengwe na wazazi wao; wala wasifundishwe ya kuwa maarifa yote yamo vitabuni. Ukikumbuka habari ya Ukara utaona alichokuwa akikisema. Si kila shule ilifanikiwa katika jambo hili. Mahali pengine shamba la shule liligeuka kazi ya adhabu, na mtoto akajifunza kulichukia jembe badala ya kuliheshimu. Kazi isiyoelezwa maana yake hufundisha kinyume chake.

Mwezi wa Novemba mwaka 1974 viongozi wa TANU walikutana Musoma, kando ya ziwa letu, wakaazimia ya kuwa watoto wote wa nchi wapate nafasi katika shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Hapo kwanza walikuwa wamekusudia mwaka 1989. Walimu walikuwa hawatoshi, wala madarasa hayakutosha. Wanavijiji wakafyatua matofali, wakabeba mawe na maji, wakajenga. Vijana waliomaliza shule ya msingi walifundishwa ualimu huku wakifundisha. Mambo yale ya haraka yalikuwa na upungufu wake, maana mwalimu aliyeandaliwa kwa haraka huwa na shida nyingi darasani. Lakini watoto wengi ambao wangalibaki wakichunga mbuzi tu walipata kujua kusoma.

Siku hizi nafasi za sekondari zimeongezeka sana, na tangu mwaka 2016 wazazi hawalipi ada katika shule za serikali hata kidato cha nne. Walakini swali la mzee halijafa. Hata leo wako wasiofaulu, na wako wanaofaulu wakarudi bila kazi ya mshahara. Nao wasiambiwe ya kuwa miaka yao imepotea.

Jibu letu ni hili. Shule ndogo haipimwi kwa idadi ya walioondoka tu. Hupimwa pia kwa kijiji kilichobaki. Je, mizani ya kijiji ina mtu wa kuisoma, naye ni mwaminifu? Je, mashamba yana mbolea? Je, vyoo vinatumika? Je, bibi akipokea barua au dawa yenye maandishi, yuko mtoto wa kumsomea? Je, wazee wakifa, yuko aliyeyaandika maneno yao? Kama mambo haya yapo, mjukuu aliyerudi hakushindwa, na miaka yake haikupotea.

Nawe msomaji, ukimaliza somo hili, usingoje kuwa mkubwa. Leo jioni mwombe babu au bibi yako akueleze jambo moja asilolijua mwalimu wako. Liandike katika daftari yako, na kesho ulisome darasani. Kisha umweleze babu au bibi jambo moja ulilojifunza shuleni. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali

1. Kabla ya shule, vijana wa Usukuma walifundishwa wapi, na walifundishwa nini?

2. Mkulima ana mizigo 35 ya pamba, kila mmoja ratili 60. Akipunjwa ratili 4 katika kila mzigo, amepoteza ratili ngapi? Ni sawa na mizigo mingapi, na ratili ngapi zaidi?

3. “Hesabu bila uaminifu humbadilisha mwizi tu.” Eleza maana ya maneno haya kwa kutumia habari za vyama vya ushirika.

4. Chora picha kuonyesha mwendo wa kichocho, kisha weka alama mahali ambapo choo hukata mnyororo.

5. Kwa nini Kitereza aliandika kwanza kwa Kikerewe? Kwa nini alifasiri kwa Kiswahili?

6. Babu wa Ukara na mjukuu wake, kila mmoja ana “nusu”. Nusu ya kila mmoja ni ipi?

7. Taja kazi tatu za kijiji chako ambazo mtu aliyesoma shule ya msingi aweza kuzifanya vema kuliko asiyesoma. Kisha taja kazi tatu ambazo wazee wasiosoma wanazijua kuliko wewe.